Uchungu wa stevia: hamira inasaidia, lakini si ile ya dukani

Mleta uzi, umeuliza kwa nini stevia (kitamu cha jani kinachotumika badala ya sukari) inakuachia uchungu hata ukiweka kidogo, na kama ukiikoroga na hamira uchungu utaisha. Nimefanya kazi kwenye maabara ya vitu hivi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaonja mwenyewe.

Hamira ya kuumulia unga haitakusaidia. Itakula sukari itakayoikuta, itoe povu, na stevia yako ibaki vilevile.

Utamu wa jani la stevia unatokana na molekuli ya stevioli iliyobebeshwa glukosi. Aina zake hutofautiana kwa idadi ya glukosi: steviosidi ina 3, rebaudiosidi A ina 4, rebaudiosidi D ina 5 na M ina 6. Zenye glukosi chache huamsha zaidi vipokezi vya uchungu ulimini. D na M ndizo zenye ladha safi, ila mmea hutengeneza chembe tu.

Hapo ndipo hamira inapoingia, kama kiwanda cha vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemikali. Jeni huchukuliwa kwenye mimea (ipo ya stevia yenyewe, ya mpunga, hata ya nyanya) na kupandikizwa kwenye hamira ya jamii ya Pichia. Vimeng'enya vinavyopatikana huibandika rebaudiosidi A glukosi moja ikawa D, kisha nyingine ikawa M. Glukosi hizo hutoka kwenye sukari ya kawaida, ambayo kimeng'enya kingine huikata.

Mara ya kwanza nilipojaribu kuigeuza A kuwa D maabara, niliacha joto likapita nyuzi 60. Asubuhi nikakuta utando mweupe umeelea: kimeng'enya kimeiva kama ute wa yai, na rebaudiosidi A yangu haijaguswa. Niliporudia kwa joto dogo, nilikuta unga mweupe umetuama chini ya chupa. Roho ikaniuma, nikijua nimeharibu tena. Kumbe ndiyo D yenyewe, maana haiyeyuki vizuri kwenye maji! Siku ile nilifurahi sana.

Tulipofika kwenye M nilisukutua mdomo, nikaonja A na M. A ilichelewa kukolea, halafu ikaacha uchungu nyuma ya ulimi kama kidonge kilichokwama. M ilikolea mapema na kuondoka bila kuacha kitu. Tangu hapo sijawahi kuitetea A.

Wanaosema hii si stevia tena siwaungi mkono. Molekuli ni ileile iliyomo kwenye jani, na hamira huondolewa wakati wa kusafisha. Umoja wa Ulaya uliiruhusu M ya njia hii mwaka 2021 kwa alama E 960c, namba yake kama kiungio cha chakula. Ninachosisitiza ni lebo iseme wazi imetengenezwaje, mlaji ana haki hiyo.

Kwa hiyo ukinunua, tafuta rebaudiosidi M au D kwenye lebo. Kama unayo ya kawaida, punguza kipimo: ukizidisha, utamu hufika kikomo lakini uchungu huendelea kupanda.