Umri wa nguva na umri wa mtarakwa: hesabu ipi ya kuaminika?

SWALI: Nimesoma kwamba umri wa nguva, yule mamalia wa baharini, huhesabiwa kwenye jino lake, kama miduara ya mti. Shambani kwetu Nyandarua tumekata mtarakwa mkubwa. Nikihesabu miduara ya kisiki, nitapata umri wake wa kweli?

JIBU: Utapata namba, ila mimi ningeiamini zaidi ile ya nguva.

Jino linalotumika ni lile refu la mbele, la taya la juu. Dentini yake, yaani ile sehemu ngumu inayounda jino, huongezeka kwa ndani, tabaka lililokolea na lililopauka kwa zamu, na kila jozi ni mwaka. Jino hupasuliwa kwa urefu, husuguliwa, kisha huhesabiwa. Kuna jike aliyekadiriwa hivyo kuwa na miaka 73. Majike ndio wenye kumbukumbu kamili, maana jino lao kwa kawaida hubaki limefichwa ndani ya mfupa. La dume hutokeza akipevuka, ncha ikalika, na miaka ya utotoni ikapotea nayo.

Mtarakwa (Juniperus procera, mwangati kwa Watanzania) unafuata mvua. Kwenu kuna masika na vuli, kwa hiyo mti unaweza kuweka miduara miwili kwa mwaka mmoja. Ukame ukikatiza msimu, unaongezeka mduara wa uongo. Shina lenyewe lina mikunjo, na mduara mwingine huanza upande mmoja ukafifia kabla ya kuzunguka. Tena mitarakwa mizee mara nyingi huoza moyo kwa kuvu, na hapo miaka ya mwanzo haipo kabisa. Kaskazini mwa Ethiopia, penye msimu mmoja mkuu wa mvua, miduara ya mti huohuo imewafaa wataalamu.

Fanya hivi: lainisha kisiki kwa msasa, hesabu kwa kufuata mistari mitatu au minne tofauti kutoka kiini hadi gome. Kisha tafuta kisiki cha mtarakwa wa jirani ambao mwaka wa kupandwa kwake unajulikana. Ukihesabu miduara 60 kwenye mti wa miaka 35, umeshajua hesabu yako inazidi kwa kiasi gani. Maabara pia inaweza kupima kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho iliyoongezeka hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia tangu miaka ya 1950, na kuonyesha mduara upi ni wa wakati huo. Ni kipimo ghali. Kwa mti mmoja wa shambani nisingejisumbua.