Nilimfuata babu asiye wetu miezi minane

Mama mkwe alinikabidhi bati la biskuti lililojaa karatasi, akasema kwa kuwa mimi ndiye mwenye subira, nimtafutie babu wa kwanza wa ukoo wao aliyevuka bahari. Alijua mambo matatu tu: aliitwa Johann, alitoka Ujerumani, na alishuka Philadelphia, bandari ya Pennsylvania, kabla Marekani haijapata uhuru. Kumtafuta Johann katika Pennsylvania ya karne ya 18 ni sawa na kufika Shinyanga ukaulizia Masanja.

Nami nikaulizia. Nikampata mmoja mtandaoni, jina la ukoo ndilo, miaka inakaribiana, na watu wengine walishamweka kwenye nasaba zao. Nikamfuata miezi minane. Siku niliposoma wosia wake nikakuta mali yote kawaachia watoto wa kaka yake. Hakuzaa. Wote tuliojinasibu naye tulikuwa tumenakiliana kosa.

Kwa hiyo usiling'ang'anie jina la mbele. Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mkondo wa Kalvini) waliwabatiza wavulana kwa Johann, kisha nyumbani wakawaita kwa jina la pili. Johann Georg ni Georg, Johann Peter ni Peter, na nyumba moja inaweza kuwa na kina Johann wanne. (Johannes ni habari nyingine, huyo huitwa hivyohivyo.) Wa kwetu, nilipompata hatimaye, daftari la kodi limemwandika George, Johann hayumo kabisa. Majina ya ukoo nayo yaligeuka: Zimmermann akawa Carpenter, Schneider akawa Snyder au Taylor, kutegemea karani alisikia nini, au mwenyewe alichoka lini kutaja herufi mojamoja.

Utajiri wenyewe uko kwenye orodha za meli. Kuanzia 1727 serikali ya koloni, ilipoona Wajerumani wanamiminika, iliwataka wanaume wa miaka 16 na zaidi waape utii kwa mfalme wa Uingereza. Ndiyo maana meli moja inaweza kuwa na orodha tatu: ya nahodha na mbili za viapo. Ya nahodha imeandikwa kwa sikio la Mwingereza, ichukulie kama tetesi. Za viapo walitia sahihi wenyewe. Asiyejua kuandika, karani alimwandikia jina na kumwachia nafasi katikati aweke alama yake. Wake na watoto utawaona kwa nadra. Na ukisoma kwamba meli ilitoka Rotterdam, usimfanye babu Mholanzi. Pale ilikuwa bandari tu.

Picha za sahihi hizo zilichapishwa mwaka 1934. Nilikaa nazo jioni nzima, pembeni nimeweka wosia wa George wetu, naangalia mkia wa G. Ulikuwa uleule, umepinda kushoto kama ndoana. Nilipiga kelele hadi mume wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Sahihi, hata hivyo, haitaji kijiji. Kijiji nilikipata kwa majirani. Watu hawa mara nyingi walikuja pamoja na mashemeji, wakafyeka msitu wakipakana, wakasimamiana ubatizo wa watoto. Katika kitabu cha kanisa niliona mume na mke walewale wamesimamia watoto wawili wa George. Jina la yule bwana lilikuwa adimu, na kwenye orodha ya meli yumo, mistari miwili juu ya George. Nikamwacha George, nikamtafuta msimamizi. Baada ya wiki tatu nilikuwa nasoma kitabu cha ubatizo cha kijiji kimoja cha Kraichgau, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na wote wawili wamo. Siku hizi naanza na hao: wasimamizi wa ubatizo, mashahidi wa wosia, wenye mashamba ya jirani.

Kama wenu walikuwa Wamennonite, Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, usihangaike na ubatizo wa watoto wachanga, hawakuwabatiza. Nenda kwenye wosia na hati za ardhi. Hati za mwanzo za ardhi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo huko Harrisburg. Kaunti, yaani wilaya za jimbo, pia ziligawanywa. Berks ilianzishwa 1752, hivyo shamba lililo Berks leo linaweza kuwa na karatasi zake za zamani Lancaster, Chester au Philadelphia. Na hadi mwaka huohuo, kwa kalenda ya Kiingereza mwaka mpya ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1740 inaweza kuwa 1741 kwa hesabu yetu. Kwa kutojua hilo niliwahi kumsingizia bibi wa watu kwamba alizaa kabla ya harusi.

Kitabu cha kijiji kinasema baba yake George alikuwa mfumaji. Mama mkwe, aliyekuwa akitegemea cheo na ngome, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mfumaji wa nini?" Sasa ananisumbua kuhusu mke wa George, Anna Barbara, aliyeandikwa kwa jina la mumewe lililoongezwa -in mwishoni, kama ilivyokuwa desturi, bila kutajwa kwao ni wapi. Nimeshaanza na wasimamizi wake.