Vijiti Viwili au Mwendo wa Mkono?

SWALI: Mhariri, mimi na mdogo wangu hucheza gemu za kufyatua risasi kibandani hapa Kirumba, Mwanza. Yeye hulenga kwa kuinamisha padi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, nami hutumia vijiti vyake viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Ananishinda shabaha, ila namzidi kugeuka. Njia ipi ni bora? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, kijiti cha kulia hakiielezi gemu mahali pa kulenga, bali kasi ya kugeuka: unakisukuma, alama ya shabaha inaanza kwenda, na usipokiachia kwa wakati inampita adui, kama mtumbwi uliochelewa kuacha kupigwa kasia karibu na mwalo. Ndiyo maana gemu nyingi za vijiti huivuta alama kimyakimya kuelekea kwa adui. Sehemu ya sifa zako, uniwie radhi, ni ya programu.

Mkono wa mdogo wako huhamisha pembe moja kwa moja, hivyo masahihisho madogo humjia upesi, lakini kiwiko kina mwisho wake. Katika gemu nyingi za kufyatua risasi kwenye Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2006, mchezaji alielekeza rimoti kwenye runinga na kugeuka kwa kuisogeza alama hadi ukingoni mwa skrini, jambo lililochosha. Gemu ya Splatoon ya mwaka 2015 ilichanganya njia zote mbili: kijiti kwa kugeuka, kuinamisha padi kwa kulenga. Mimi naegemea huko. Jaribuni wiki mbili kabla ya kubishana tena.