Pampu moja kila mwezi, halafu unasema hali yako nzuri

Masika yakianza tu, barua za kifua zinafurika. Nusu yake zinasema hivi: "Daktari, nina pumu, nitumie dawa gani?" Umri haupo, dawa unayotumia sasa haipo, unabanwa usiku au mchana haijulikani. Hizo nimeziweka kando. Za wiki hii ni hizi.

Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bajaji, Chumbageni, miaka 27. Nina pumu tangu utotoni lakini hali yangu ni nzuri, pampu ya bluu inanitosha. Naimaliza moja kila mwezi. Siku hizi inachelewa kidogo kufanya kazi. Je, kuna yenye nguvu zaidi?

Marahaba kijana. Hali yako si nzuri hata kidogo, na nitakuambia kwa hesabu. Hiyo pampu ya bluu dawa yake ni salbutamol, na ina mipulizo 200. Ukiimaliza kwa mwezi, unapuliza karibu mara saba kila siku. Mtu ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kukaa wiki nzima bila kuikumbuka pampu ya bluu. Anayeihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, tunasema pumu yake imemshinda, hata kama anaendesha bajaji na kupiga soga kijiweni.

Pumu ni njia za hewa zilizovimba kwa ndani. Uvimbe huo upo hata siku unayojiona mzima. Salbutamol inalegeza misuli iliyozibana njia hizo, basi, uvimbe haiugusi. Sisi wa Tanga tunaambiwa waja leo, kuondoka majaliwa. Pampu ya bluu haina majaliwa hayo, muda wake ni saa nne hadi sita, kisha inakuacha na uvimbe wako vilevile, na safari hii pengine umeongezeka. Ndiyo maana unaona "inachelewa". Dawa haijapungua nguvu. Ugonjwa umekua wakati wewe unaridhika.

Unachokosa ni ile pampu nyingine, ya kupunguza uvimbe, kwa mfano beklometasoni, ambayo mara nyingi huja na rangi ya kahawia. (Rangi si sheria, viwanda vinatofautiana. Soma jina la dawa.) Hiyo unavuta asubuhi na jioni kila siku, ubanwe usibanwe. Haitakupa nafuu papo hapo, na hapo ndipo wengi wanapoitupa: wanavuta siku tatu, hawaoni kitu, wanarudi kwenye bluu. Ipe wiki kadhaa. Kuna pia pampu ya mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli, inayotuliza na kutibu uvimbe kwa pamoja. Haipatikani kila duka na bei yake inauma, ila muulize daktari. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, hautaki tena mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa bluu peke yake.

Uingereza walichunguza vifo vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Katika marehemu 165 ambao idadi ya pampu zao za kutuliza ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 kwa mwaka mmoja. Wewe unamaliza moja kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Lawama nyingine iwaendee wenye maduka ya dawa. Mteja anaingia na kopo tupu, analigonga kwenye kaunta, anapewa jipya, anarudishiwa chenji. Hakuna anayemuuliza la mwisho alinunua lini. Ukiwa nyuma ya kaunta na unamwona mtu yuleyule kila mwezi, mwambie. Sentensi moja haitakuharibia biashara.

Mtoto wangu ana miaka 6, tunaishi Makorora. Kituoni wameandika pampu lakini bibi yake amekataa, anasema pampu ikishazoeleka haiachiki, wengi wamekufa nayo mkononi. Nimemnunulia vidonge vya salbutamol. Nimefanya sawa?

Mama, bibi ameona kweli ila amehukumu vibaya. Watu wamekufa na pampu mkononi, ndiyo, kwa sababu walikuwa na hiyo ya bluu tu na ya kutibu uvimbe hawakupewa au waliiacha. Pampu haina ulevi. Mtu anaihitaji kila mara kwa sababu ugonjwa haujatibiwa.

Sasa vidonge. Mpulizo mmoja wa salbutamol ni mikrogramu 100, na unakwenda moja kwa moja mapafuni. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa ya mipulizo 40, nayo inapita tumboni, inazunguka mwili mzima, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, ndipo kidogo kifike kifuani, tena kwa kuchelewa. Bibi anaogopa ndogo anakubali kubwa. Hata nusu ya kidonge bado ni mipulizo 20. Wale wanaoogopa pampu ya kahawia kwa kuwa "ina steroidi" dawa ya kupunguza uvimbe, ndio haohao wanaomeza predinisoloni, nayo steroidi ya vidonge, kila wanapobanwa, na kidonge kimoja cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Mpulizo wa beklometasoni wa kawaida una 100. Anayevuta ya kahawia asukutue tu mdomo na kutema baada ya kuvuta, asipate fangasi mdomoni.

Mtoto wa miaka 6 hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Hata wakubwa wengi hawawezi. Nikiwaambia wanionyeshe, wanabonyeza mara mbili haraka na moshi unawatoka puani. Huo moshi ndiyo dawa, imepotea. Mtoto anahitaji chupa ya kati, inayokaa kati ya pampu na mdomo wake. Za dukani zipo, na za kutengeneza nyumbani zinafanya kazi: watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikizibwa vizuri panapoingia pampu, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na ile ya kiwandani.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto jikoni, kisha uubandike kwenye kitako cha chupa hadi plastiki iyeyuke na tundu litokee. Fanya hivyo nje, mtoto akiwa mbali na moshi wake. Pampu iingie kwa kubana. Ikicheza, zungushia plasta. Tikisa pampu, mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa pasiwe na upenyo, bonyeza mara moja, apumue ndani na nje mara tano au sita. Ndipo ubonyeze tena. Mtoto mdogo kuliko huyo, asiyeweza kubana midomo, anahitaji barakoa yake, na hiyo kaulize hospitali.

Vidonge virudishe ndani ya bahasha na usimpe mdogo wake.

Je, maji baridi na feni vinaleta pumu?

Havileti. Hewa baridi inaweza kumbana ambaye tayari anayo. Mtoto aoge.

Mwanangu wa miaka 4 anakohoa kila usiku na kifua kinalia kama filimbi. Wazee wanasema ni kimeo, kuna mzee Pongwe anakata vizuri.

Hakuna anayekata vizuri. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, na hakina njia ya kukifikisha kifuani. Filimbi unayoisikia inatoka kwenye njia za hewa zilizobana, futi nzima chini ya hapo. Mzee anakata, mtoto analia wiki nzima, masika yanapita, kikohozi kinapungua chenyewe kama kinavyopungua kila mwaka, sifa anapewa mzee. Mwaka unaofuata kikohozi kinarudi na kimeo hakipo tena cha kukata. Wanaotoka damu bila kukoma, wanaopata pepopunda au maambukizi ya wembe mmoja uliopita midomo mingi, hao hawasimuliwi vijiweni.

Kikohozi cha usiku, kinachorudi kwa vumbi, mafua au mbio, kikiambatana na filimbi, kichunguzwe kama pumu. Na kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, kwa mtoto na mtu mzima. Vipimo vya kifua kikuu ni bure, msinipe kisingizio cha nauli.

Nimeolewa karibuni, Ngamiani. Mama mkwe anachoma udi na ubani kila Alhamisi, na nguo zangu zote anazifukiza. Nabanwa hadi natoka nje. Nikisema nitaonekana sina adabu.

Mwanangu, mwambie mumeo, na yeye ndiye amwambie mama yake, si wewe. Moshi ni moshi, uwe wa udi wa bei mbaya au wa kuni mbichi. Chetezo kiwekwe chumba kingine au uani, nguo zifukizwe ukiwa haupo na zianikwe mpaka moshi wake uondoke. Asumini na kikuba vitakupa harufu bila moshi, ingawa wapo wachache ambao hata maua yanawasumbua, utajijua.

Niongeze ambalo hukuuliza. Watu wanapigia udi kelele, huku jiko la mkaa linawaka ndani milango imefungwa kwa sababu ya mvua, baba anavuta sigara barazani, na usiku ile dawa ya mbu ya kuzunguka inafuka chini ya kitanda hadi alfajiri. Udi ni wa Alhamisi. Hivi vingine ni vya kila siku. Tungeni chandarua.

Nafanya kazi kiwanda cha mkonge upande wa Muheza, sehemu ya brashi. Nabanwa kuanzia mchana, likizo napata nafuu kabisa. Navuta bluu kabla ya kuingia zamu ili nimudu. Inafaa?

Inakuwezesha kuvuta vumbi zaidi, ndiyo faida yake. Mtu anayepona likizo na kuugua akirudi kazini, kazi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi na aandike kwenye faili, kwa sababu ugonjwa uliotokana na kazi unaweza kudaiwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na dai bila maandishi ni hadithi. Omba uhamishwe kutoka brashi. Kitambaa unachofunga puani kinazuia nyuzi kubwa, vumbi laini linapita. Mkonge uko Tanga tangu 1893, na bado kuna wasimamizi wanaoamini kwamba anayekohoa ni mvivu.

Pumu inapona?

Nimejibu hili mara nyingi mno. Wapo watoto wanaotulia wakikua, na baadhi yao inawarudia ukubwani. Kwa wengine inadhibitiwa, haiondoki. Anayekuuzia chupa ya "kuitoa kabisa", iwe mafuta ya papa, habasoda au unga usio na jina, muulize ndani kuna nini. Unga unaotuliza kifua siku hiyohiyo mara nyingi umesagiwa steroidi.

Nina mimba ya miezi mitano, niache pampu?

Usiache, ya bluu wala ya kahawia. Ukikosa hewa wewe, na mtoto anakosa. Mwambie mkunga kliniki.

Ramadhani nafungaje?

Ya kila siku vuta baada ya kufuturu na wakati wa daku, imekwisha hiyo. Kuhusu bluu mchana, masheikh wametofautiana kama inafunguza au la. Muulize wako Shaabani, si saa tisa alasiri ukiwa unahema. Ukibanwa, vuta. Mgonjwa ana ruhusa katika Qur'an ya kula na kulipa siku nyingine, na kama umekuwa ukibanwa kila siku tangu Rajabu, hukupaswa kuanza kufunga kabla ya kuonana na daktari.

Mume wangu hubanwa ghafla usiku. Nifanye nini kabla ya kufika hospitali ya Bombo?

Mkalishe wima, usimlaze, na watu wasimzonge. Mpe bluu kwa chupa ya kati, mpulizo mmoja mmoja, apumue mara kadhaa kati yake, hadi minne. Baada ya dakika 20 kama hakuna nafuu, rudia mkiwa njiani. Chukua bajaji kuliko bodaboda, akae na kuegemea. Msisubiri kuche ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi, au amechoka hadi anasinzia. Na kifua kilichokuwa kinalia filimbi kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena. Hapo endelea kumpa bila kungoja dakika zozote.

Tena muulize kama kabla ya kubanwa alimeza diklofenaki au aspirini kwa maumivu. Kwa baadhi ya wenye pumu dawa hizo huamsha shambulio kali. Propranololi ya presha nayo ni hatari kwao. Dukani mtu aseme "nina pumu" kabla hajataja kinachomuuma.

Pampu nikiielesha kwenye maji nikaona inaelea, ina maana imeisha?

Ina maana umeilowesha. Kipimo hicho si cha kuaminika na maji yanaweza kuziba tundu. Gesi hubaki ikitoa fuu hata dawa ikiwa imekwisha. Kama yako haina kihesabio, andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ubavuni na ugawe 200 kwa mipulizo ya siku.

Jirani huazima pampu yangu kila usiku. Nimnyime?

Usimnyime akiwa amebanwa. Futa mdomo wa pampu kabla na baada. Asubuhi umpeleke kliniki wewe mwenyewe, maana akienda peke yake ataishia duka la dawa.