Uamuzi mdogo katika shauri la uchaguzi: kabla hujakimbilia Mahakama Kuu

Ndugu yangu wa Kondoa, umeeleza kwamba katika shauri lako la uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 hakimu amekubali sehemu ya mapingamizi ya awali (hoja za kisheria za upande wa pili za kuzuia shauri kabla halijasikilizwa), akafuta aya tatu za madai yako na kumwondoa mmoja wa wajibu maombi (wale unaowalalamikia), nawe unauliza kama unaweza kukata rufaa kabla ushahidi haujasikilizwa. Kwa maelezo hayo, jibu langu ni kwamba huwezi, na nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kujaribu.

Kizuizi kiliingizwa na Sheria Na. 25 ya mwaka 2002. Kwa namba za toleo la 2019, kifungu cha 74(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na kifungu cha 43(2) cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, vinakataza rufaa na hata maombi ya marejeo (kuiomba mahakama ya juu iupitie uamuzi) dhidi ya uamuzi wa awali au amri ndogo, yaani inayotolewa shauri likiwa bado linaendelea, isipokuwa pale uamuzi huo ulipolimaliza shauri. Kinachoangaliwa si jina la uamuzi bali kile ulichokibakiza. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Junaco dhidi ya Harel Mallac, ilifuata kipimo cha asili ya amri kilichotokana na shauri la Kiingereza la Bozson la mwaka 1903, yaani kuuliza kama amri hiyo imehitimisha haki za wadaawa (pande mbili za shauri).

Kwa hiyo, kama hakimu angesema umechelewa na kulitupa shauri lote, mlango wa rufaa ungekuwa wazi ingawa karani angeuita uamuzi huo mdogo. Penye utata ni pale shauri linapoondolewa kwa kasoro ya kiapo au ya maombi, kwa sababu upande wa pili utadai kwamba hakuna kilichokwisha, bali unaweza kurekebisha na kufungua upya. Katika madai ya kawaida hoja hiyo ina uzito. Katika shauri la uchaguzi, ambalo hufunguliwa ndani ya siku 30, muda huwa umekwisha zamani siku uamuzi unaposomwa, na mimi ningejenga hoja yangu yote hapo.

Langu halikuwa na utata wowote. Lilikuwa hasira tu. Niligombea uenyekiti wa kijiji upande wa Bahi mwezi Desemba 2014, nikafungua shauri, na hakimu akakataa ombi langu la kuletewa daftari la wapiga kura. Nikaandika sababu za rufaa mwenyewe usiku huohuo. Wakili wa upande wa pili hakuhitaji zaidi ya aya moja ya pingamizi, rufaa ikaondolewa, nami nikaamriwa kulipa gharama. Kilichoniuma zaidi ni muda: jalada liliitwa watu wakiwa wanapalilia, likarudi uwele umeshavunwa, na wakati wote huo mpinzani wangu alikuwa akiongoza mikutano ya kijiji.

Baadaye ndipo wakili mmoja aliponieleza kwamba amri ile haikuwa imepotea. Ningeomba kutoridhika kwangu kuandikwe kwenye mwenendo wa shauri (kumbukumbu za mahakama), nikaendelea na mashahidi niliokuwa nao, na kama hukumu ingenielemea, kukataliwa kwa daftari kungekuwa mojawapo ya sababu za rufaa dhidi ya hukumu hiyo.

Wewe omba nakala ya uamuzi kwa barua, usitegemee ulichosikia mahakamani. (Wangu uliandikwa kwa Kiingereza, nikausoma na jirani ambaye ni mwalimu; tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, basi unao unafuu huo.) Ukiupata, angalia aya zilizobaki: kama bado zinabeba dai hata moja linaloweza kutengua matokeo, nenda na mashahidi wako tarehe iliyopangwa. Kama aliyeondolewa ndiye mshindi aliyetangazwa, mwonyeshe wakili uamuzi huo kabla ya tarehe hiyo.