Koti la mvua na buti za mitumba: geuza ndani kwanza

Aksanti kwa swali, ndugu. Unauliza utajuaje kama koti la mvua na buti za mitumba za hapa Goma, pale mtaa wa Birere, vinafaa kupandia milima. Mimi jina la kampuni kifuani silitazami kabisa. Lebo hushonwa popote.

Geuza koti ndani nje. Kwenye mishono utaona utepe mwembamba wa kuzuia maji uliogandishwa. Ukiwa umeanza kubanduka, au kitambaa cha ndani kinamenyeka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, rudisha. Halafu livae juu ya sweta, siyo shati, uinue mikono: kiuno kikibaki wazi, ni dogo. Huko juu ni baridi kweli, kilele cha volkano yetu ya Nyiragongo kiko mita 3,470.

Buti ndizo zinadanganya watu. Niliwahi kununua jozi inayong'aa, soli haijalika hata kidogo, nikajiona mjanja. Masaa mawili juu ya mawe ya lava, soli ikameguka kama mkate mkavu! Soli za poliuretani, aina ya plastiki, huharibiwa na unyevu taratibu hata zikikaa kabatini bila kuvaliwa. Bonyeza kwa ukucha, ikunje. Ikitoa unga au nyufa, achana nayo.

Kipimo? Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mbele: kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha funga, piga ncha ya buti kwenye jiwe. Vidole vikigonga, kwenye mteremko utalia. Muuzaji atanuna, mwache anune.