Re: Siku 8 za kula Flanders na Uholanzi, watu wawili: anza na msimu na meza za mchana

Mkuu mleta mada, umeuliza wewe na shemeji mpangeje siku 8 za mwezi Mei mkitaka kula kwenye migahawa mikubwa ya Flanders, yaani kaskazini mwa Ubelgiji, na Uholanzi. Orodha uliyoweka ina migahawa 7 ya nyota za Michelin (kitabu cha mwongozo kinachowapa migahawa bora nyota 1 hadi 3), yote chakula cha jioni, siku baada ya siku. Naomba uikate. Chukua 3, ukizidi sana 4, yote iwe ya mchana, na kati ya mmoja na mwingine pawe na siku nzima ya kupumzisha tumbo.

Sababu ni hii. Menyu kamili ya ngazi hiyo si sahani 7 kama inavyoandikwa. Kabla ya sahani ya kwanza huja vionjo 4 hadi 6, Waflemi wanaviita hapjes na Waholanzi amuses. Halafu mkate na siagi, sahani zenyewe, pengine na jibini, kitindamlo, na mwisho vitamutamu vya kahawa. Hapo mmekaa saa 3 na nusu hadi 4. Mkianza saa 1 usiku mnaondoka karibu saa 5, mnalala mmeshiba kupita kiasi, na kesho yake ulimi hauna hamu tena. Kufika mgahawa wa tatu mfululizo, hata mchuzi mzuri kuliko yote utauona mzito tu. Mchana jiko ni lilelile na mpishi ni yuleyule, lakini mara nyingi kuna menyu fupi ya sahani 4 au 5 kwa bei nafuu zaidi, meza hupatikana kwa urahisi zaidi, na treni za kurudi bado zipo.

Angalia pia kama majina bado yapo, maana makala za zamani mtandaoni zinapoteza watu wengi. Oud Sluis ya mpishi Sergio Herman ilifungwa mwaka 2013. De Karmeliet ya Brugge ilifungwa 2016. De Leest ya Vaassen ilifungwa mwisho wa 2019. Hertog Jan ilimaliza kazi yake ya Zedelgem, karibu na Brugge, mwaka 2018, na leo jina hilo utalikuta Antwerpen. Hof van Cleve ya Kruisem, iliyokuwa na nyota 3 tangu 2005 chini ya mpishi Peter Goossens, tangu 2024 iko mikononi mwa Floris Van Der Veken. Bado ni mahali pa kwenda kwa heshima zote, ila usiende ukitafuta sahani ulizosoma kwenye makala ya 2015.

Kwa mwezi Mei ningepanga hivi: kituo cha kwanza Brugge au Gent, cha pili Antwerpen, cha mwisho Zwolle. Boury ya Tim Boury iko Roeselare na ilipata nyota ya 3 mwaka 2022. Kutoka Brugge ni treni ya chini ya nusu saa, kwa hiyo hamhitaji gari wala hoteli ya pale. Zilte ya Viki Geunes, nyota 3 tangu 2021, iko ghorofa ya 9 ya jumba la makumbusho la MAS, Antwerpen. Hii hasa ndiyo ya mchana, kwani madirisha yanatazama bandari na mto Scheldt, na usiku mandhari hayo yote yanageuka giza. De Librije iko Zwolle, nyota 3 tangu 2004, ndani ya lililokuwa gereza la wanawake, na chumba cha kulia ni ua wa gereza uliofunikwa kwa vioo. Mpishi wake Jonnie Boer alifariki Aprili 2025. Thérèse Boer, aliyejenga naye jina hilo na ambaye ujuzi wake wa mvinyo unaheshimika Uholanzi nzima, ni sehemu ya nyumba hiyo kama jiko lenyewe. Antwerpen hadi Zwolle ni takriban saa 3 kwa treni mkibadilisha njiani, kwa hiyo siku ya safari iwe ya safari tu.

Kule Kruisem mgahawa uko mbali na kituo cha treni. Mkiichagua Hof van Cleve, teksi ya kutoka Gent ni takriban kilomita 25, na ya kurudi iwekeni oda siku moja kabla. Kule ni mashambani, hamtasimamisha teksi barabarani.

Sasa msimu, ambao kwangu ni mkubwa kuliko nyota. Mei ni mwezi wa asparagasi nyeupe, mboga ya vijiti. Huanza Aprili na desturi ni kuacha kuvuna tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana, ili mmea upate nguvu ya mwaka unaofuata. Hubaki nyeupe kwa sababu hukua chini ya tuta la udongo bila kuona jua. Ikiwa mbichi kweli, vijiti viwili vikisuguana hutoa mlio na sehemu iliyokatwa huwa na unyevu. Ikiliwa ina nyuzi, imemenywa vibaya. Maganda yake hutolewa kuanzia chini kidogo ya ncha hadi mwisho, na jiko lenye haraka huacha vipande bila kumenya. Mtindo wa Flanders ni siagi iliyoyeyushwa, yai la kuchemsha lililopondwa na parsley. Uholanzi, hasa mkoa wa kusini wa Limburg, huongeza nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema.

Mei pia kuna kamba mwenye magando wa Oosterschelde kule Zeeland, mkoa wa pwani wa Uholanzi. Msimu wake huanza karibu na mwanzo wa Aprili na kwisha katikati ya Julai, na mkimwona kwenye menyu mchukueni. Uduvi wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini ulizeni kama umemenywa kwa mkono palepale, handgepeld. Sehemu kubwa ya uduvi wa madukani husafirishwa Morocco kumenywa na kurudishwa, unahitaji vihifadhi, na ule utamu wa chumvi ya bahari hupungua. Kome wa Zeeland kwa kawaida wanaanza mwezi Julai, na chaza bapa wa Grevelingen ni wa Septemba hadi Aprili, kwa hiyo Mei msiwafuate. Mkiona zeekraal na lamsoor, hizo ni mboga za ufuko wa chumvi, zinakwenda vizuri sana na zeetong, samaki bapa jamaa ya gayogayo wetu.

Kuweka meza. Migahawa mingi ya ngazi hii hufungua kalenda miezi 2 au 3 kabla, mingine mapema zaidi. Wataomba namba ya kadi ya benki au malipo ya awali, na mkifuta ndani ya saa 48 au 72 wanakata. Hapo ndipo penye njia ya mtu aliyekosa nafasi: jiandikishe kwenye wachtlijst, yaani orodha ya wanaosubiri, kisha fungua kalenda yao siku 4 na siku 3 kabla ya tarehe unayotaka, kwa sababu wanaoghairi hughairi kabla adhabu haijaanza. Usiandike kwamba mko tayari siku yoyote. Taja tarehe mbili kamili, mtajibiwa haraka zaidi.

Siku za kufungwa ndizo zinazovunja ratiba nyingi. Jumapili na Jumatatu wengi hawafanyi kazi, na kuna wanaofunga Jumamosi na Jumapili. Mei ina sikukuu: tarehe 1 kwa Ubelgiji, Kupaa kwa Bwana, ambayo huwa Alhamisi na wengi huunganisha hadi Jumapili, na Jumatatu ya Pentekoste inayoweza kuangukia Mei au Juni. Panga migahawa kwanza, hoteli baadaye, tiketi za treni za ndani mwisho.

Pesa. Chukua menyu ya nyota 3 ya karibu euro 300 kwa mtu, nyingine zinavuka hapo. Wawili ni 600. Mvinyo wa kuendana na sahani ukikadiria 150 kwa mtu, ni 300. Glasi mbili za kufungulia, maji na kahawa, weka 80 hadi 100. Jumla inakaribia 1,000, yaani theluthi mbili zaidi ya bei uliyoiona mtandaoni. Panapovuja pesa ni glasi ya kwanza: mhudumu anasukuma kitoroli cha shampeni bila bei, nanyi mnaitikia kwa adabu. Uliza bei, si aibu. Vivyo hivyo neno supplement pembeni ya kaviari au jibini maana yake mnaongeza hela. Huduma imo ndani ya bei. Mkiridhika mkaacha kitu ni hiari.

Kuhusu mvinyo, hesabu ml. Glasi 7 za ml 100 ni ml 700, karibu chupa nzima kwa kila mtu. Kama mmoja anaendesha, kikomo nchi zote mbili ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na Uholanzi ni 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Ulizeni BOB-arrangement, yaani nusu glasi kwa dereva, lakini hata nusu glasi 7 zinaweza kumvusha kikomo mtu mwembamba. Treni ni salama zaidi.

Kwa wasiotumia pombe, mpangilio wa vinywaji bila pombe sasa ni kazi ya kweli: chai zilizopozwa, juisi zilizochachushwa kidogo, maji ya mimea. Kama hata chembe hamtaki, sema wazi, kwani vilivyochachushwa na mvinyo ulioondolewa pombe huweza kubaki na hadi asilimia 0.5.

Na hapa kwa Waislamu wa jukwaa nisisitize. Kusema "hatuli nguruwe" hakutoshi. Michuzi hupikwa kwa mvinyo, jeli na kitindamlo huweza kuwa na jelatini ya nguruwe, na nyama si ya kuchinjwa halali. Omba menyu ya samaki na mboga, na kwenye sehemu ya dieetwensen (masharti ya chakula) andika hivi: "Geen vlees, geen gelatine van varken, geen alcohol in de gerechten," yaani bila nyama, bila jelatini ya nguruwe, bila pombe kwenye vyakula. Andika wakati wa kuweka meza na urudie kwa barua pepe siku 5 kabla. Mchuzi wa msingi hupikwa siku moja au mbili mapema, kwa hiyo ukisema mezani jiko halina cha kubadilisha, mtaletewa saladi, na kosa halitakuwa lao. Flanders wanajua mboga vizuri, wakipewa muda mtakula kama wengine.

Siku za kati kuleni kidogo na mapema. Chipsi za Kibelgiji hukaangwa mara mbili, ila mafuta ya asili ni ya ng'ombe, ossewit. Asiyeyataka aulize plantaardig, yaani ya mimea. Maji mezani: Ubelgiji sema plat (ya kawaida) au bruis (yenye gesi). Uholanzi utasikia Spa blauw kwa ya kawaida na Spa rood kwa yenye gesi.

Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili. Omba kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, usiku zikilingana ni ile mnayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, na yasipungue siku 15. Uthibitisho wa meza uambatanishe na ratiba, ila malipo ya awali ya mgahawa angalia kwanza kama yanarudishwa viza ikikataliwa. Mingi hukubali kuhamisha tarehe ukiwaandikia kabla ya zile saa 72.